Mwenye Sufuria za Matanga

Ukifika Silanga, upande ule wa Kibera unaopakana na bwawa, ukauliza kwa Kavetsa, watu watakuangalia kwanza, maana jina hilo ni wachache wanaolitumia. Uliza kwa Mama Phanice mwenye sufuria, na hata mtoto anayecheza kando ya mtaro atakupeleka mpaka mlangoni. Phanice mwenyewe alizikwa Vihiga miaka kadhaa iliyopita, lakini mama hapokonywi jina kwa sababu mtoto amekufa. Watu waliendelea kumwita hivyo, naye aliendelea kuitika.

Chumba chake ni kimoja, cha udongo na mabati kama vya majirani, ila ndani hakuna pa kugeukia. Sufuria kubwa, zile za kupikia wali wa matanga, zimebebana mpaka zinakaribia paa. Kando yake kuna viti vya plastiki, beseni za sahani, thermos za chai na miiko ambayo mtu mfupi hawezi kuigeuza. Mgeni akichungulia anadhani huyu mama ana duka. Jamani, hakuna hata kijiko kimoja pale kilicho chake. Chake ni kitanda, jiko, sufuria moja ndogo iliyobonyea na vikombe viwili. Vingine vyote ni mali ya kikundi cha akina mama wa matanga, na vinalala kwake kwa sababu yeye ndiye aliyekianzisha.

Alikianzisha kwa aibu. Mumewe Wanzala, fundi wa mbao, alipofariki, waombolezaji walijaa na hapakuwa na chombo cha kuwapikia. Waliazima sufuria za kanisa, na kumbe kanisa lilikuwa na harusi, likazidai upishi ukiwa katikati. Ugali ukahamishiwa kwenye karai la kufulia nguo. Wazee waliokuwa wametoka Vihiga usiku kucha wakaulia humo, bila kusema neno, na huko kunyamaza kwao ndiko kulikomchoma Kavetsa kuliko maneno yote. Aliapa kwamba Silanga haitazika mtu namna hiyo tena.

Na haikuzika. Tangu hapo, mtu akifa, awe Mluhya, Mjaluo au Mkamba, simu ya kwanza ilikwenda kwa ndugu na ya pili kwa Mama Phanice. Yeye ndiye aliyejua dereva gani wa gari la maiti hatawaacha njiani Nakuru. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu wakati wa kuchanga, akimtazama kila mtu machoni mpaka atoe. Hata siku ya Phanice wake alikuwa mekoni, kitambaa kichwani, macho yamevimba, kwa sababu alisema hakuna mwingine anayejua kiasi cha maji ya wali katika sufuria ile kubwa. Watu walimheshimu, tena kwa haki kabisa. Shida ni kwamba heshima hiyo ndiyo iliyokuja kumkaba koo.

Phanice aliacha mtoto mmoja, Daisy. Babake, kijana aliyeitwa Sifuna, aliondoka mtoto hajaota meno na hajulikani aliko hadi leo. Kwa hiyo bibi na mjukuu walibaki wawili, wakilala kitanda kimoja chini ya mlima wa sufuria, na Daisy alimwita Shosho kama watoto wote wa Nairobi wanavyoita bibi zao. Mtoto alikuwa na domo, anauliza kila kitu, na akicheka anaziba mdomo kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yamepandana. Kavetsa alimpenda mpaka akawa anaogopa kumpenda.

Walikula makaa na sukuma. Maana yake ni kwamba Kavetsa alikuwa na kibanda cha makaa karibu na bwawa, na nyuma yake kijishamba cha sukuma wiki. Kisha ikaja ile mvua kubwa. Bwawa lilipanda, likachukua kibanda, makaa, sukuma, hata ule udongo mweusi alioulea miaka yote. Asubuhi alisimama pale ilipokuwa riziki yake akaona maji tu na kiatu cha mtu kinaelea.

Baada ya hapo mambo yalimwendea mrama. Alianza kuuza makaa kwa mkebe mlangoni, kidogo kidogo, na wateja wake wengi walikuwa ni watu wa kukopa. Kuna siku yeye na Daisy walikunywa strungi tu jioni, chai ya rangi isiyo na maziwa, wakalala. Na hapa tuseme ukweli: Kavetsa alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Alikuwa akitoka nje baada ya strungi hiyo akichokonoa meno kwa njiti, kana kwamba amekula nyama, na akipita mtu anamwambia leo chakula kimemlemea. Alikuwa radhi kufa na tai shingoni. Alimfundisha na Daisy kusema "tumeshiba" hata kabla hajaulizwa.

Aliyemgundua ni Christine. Huyu ni dada mkubwa wa Sifuna, kwa hiyo shangazi yake Daisy, anayeishi Kabiro kule Kawangware. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa. Tusimpake tope bure, hakuja kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa kufua nguo za watu Lavington, mumewe Mutunga alikuwa wa mjengo, kibarua wa ujenzi, leo ana kazi kesho hana, na watoto wao watatu walikuwa wamejaza chumba tayari. Aliushika mkono wa Daisy, akaugeuza, akauachilia.

"Mama, huyu mtoto anakonda," alisema. "Na nasikia shule anaenda leo, kesho anarudishwa."

Kavetsa alisema ilikuwa malaria. Christine hakubishana naye. Alisema tu kwamba anangoja mpaka Januari, shule zifunguliwe. Akimkuta Daisy bado yuko vile, atamchukua Kabiro, kwa kuwa kwa mila yao mtoto ni wa upande wa baba, na yeye hataki kuja kusikia kwa watu kwamba mtoto wa ndugu yake alimalizwa na njaa Silanga. Kavetsa alijua vizuri maisha gani yanamngoja mjukuu wake kule: mtoto mdogo wa Christine mgongoni, mitungi ya maji, na shule ikipatikana ipatikane. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi akakaa kitandani mikono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu Phanice azikwe akasikia hofu ya kweli.

Basi hapo ndipo walipokuja watu wa tisheti za kijani.

Silanga imeona mashirika. Kuna lililochimba vyoo, kuna lililoleta vyandarua, kuna lililopiga picha likaenda zake. Hili la kijani, lenye makao yake ng'ambo, lilikuwa na njia nyingine, na ni njia nzuri, hakuna haja ya kulizulia. Familia zitakazochaguliwa zingesaidiwa kwa miaka miwili: unga na mafuta kila mwezi, karo ya watoto, mafunzo, kisha mtaji wa kusimamisha biashara, mpaka familia itembee yenyewe. Na watakaochagua si wao, ni majirani. Afisa wao, binti mpole kutoka Kakamega aliyeitwa Lenah, aliwaambia watu hivi katika uwanja wa kanisa: "Sisi hatumjui maskini wa hapa. Nyinyi mnaishi naye. Nyinyi ndio mtatuonyesha."

Watu walilipenda neno hilo. Zamani msaada uliwafikia waliojuana na mwenyekiti. Sasa kila kitu kingefanyika mchana, chini, mbele ya wote. Lenah alichora miduara mitatu ya majivu ardhini: mmoja wa wanaojiweza, wa kati wa wanaosukuma maisha hivyo hivyo, na wa tatu wa wasio na kitu kabisa. Jina la kila nyumba lingesomwa, majirani waseme ni ya wapi, na alama iwekwe. Alitafuta kitu cha kuwekea alama, kokoto hazikuonekana vizuri. Unadhani nani aliinuka? Kavetsa huyo, mbio nyumbani, akarudi na mkebe mzima wa makaa, yale aliyokuwa auze jioni. Akayatoa bure. Watu wakamshangilia, na yeye akakaa chini akiwa amefurahi, mama wa watu.

Kazi ikaanza, na mwanzoni ilikuwa hata na kicheko. Morris mwenye bodaboda mbili alijaribu kulia umaskini, vijana wakamzomea mpaka akakaa. Mzee mmoja asiye na mguu aliwekwa mduara wa tatu bila mjadala. Mjane mchanga mwenye mapacha naye vilevile. Daisy alikuwa amekaa nyuma ya bibi yake, anamvuta gauni kila jina linaposomwa.

"Mama Phanice," Lenah akasoma.

Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuwa amekula kutoka kwa sufuria za mwanamke huyo akiwa na msiba. Wengine walitazama majivu, wengine wakatazama viatu vyao. Kavetsa alikuwa ameinamisha kichwa, na moyoni alikuwa anaomba, akimwambia Mungu kwamba yeye hataweza kulisema hilo neno kwa mdomo wake, amtume mtu mwingine.

Aliinuka Mildred. Hapo Kavetsa akainua kichwa. Mildred wa nyumba ya pili, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Yeye hakudanganywa na njiti ya meno hata siku moja. Mara nyingi jioni alimtuma mtu na omena akisema zimebaki, ilhali omena hazibaki. Kama kulikuwa na mtu mmoja Silanga aliyejua yaliyomo ndani ya nyumba ile, ni yeye.

"Mama Phanice ndiye alizika mama yangu," Mildred alisema. "Akazika shemeji yangu. Hakuna mtu hapa hajalishwa na huyu mama. Huyu ni wa kujiweza." Akachukua kipande cha makaa, akakiweka mwenyewe katika mduara wa kwanza, katikati kabisa. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Lenah alikuwa mwangalifu. Alisubiri makofi yaishe, akamgeukia Kavetsa, akamuuliza kama anakubaliana na majirani zake. Ilikuwa nafasi yake. Ilikuwa nusu sentensi tu. Kavetsa aliuona uso wa kila mtu umemwelekea, umejaa upendo, akamsikia Daisy anamvuta gauni.

"Ni sawa," akasema.

Njiani Daisy aliuliza kama wameingia. Bibi yake akasema bado. Mtoto akauliza bado ni lini, na Kavetsa akamwambia anyamaze, kwa ukali ambao haukuwa wake, kisha akajuta mpaka wakafika nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mildred alikuja na omena zake. Kavetsa hakuzipokea. Alimwacha amesimama mlangoni na sahani mkononi, akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia. Mildred akaona, akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti cha matanga.

"Ulitaka niseme nini?" aliuliza. "Nikuvue nguo mbele ya watu? Wewe? Nilidhani mwingine atasema. Nikaona wamenyamaza, nikafikiri wakisubiri zaidi utaona aibu. Nikasimama nikufunike."

Na kweli, baadaye ilijulikana kwamba kila mmoja pale alikuwa anangoja mwenzake. Walijua. Karibu wote walijua. Lakini hakuna aliyetaka kuwa ndiye mtu aliyemwita Mama Phanice hohehahe hadharani. Hebu niambie utawalaumuje watu kama hao. Kavetsa alijaribu kuwalaumu akashindwa, na hasira ilipokosa pa kwenda ikamrudia mwenyewe. Akalia. Mildred akalia naye, kisha akajipangusa, akasema mambo bado hayajaharibika: Lenah alitangaza kwamba kuna muda wa kurekebisha makosa. Aende ofisini aseme ukweli, na yeye Mildred atakuwa shahidi wake, atasimama popote.

Kavetsa akapiga moyo konde, akaenda. Alivaa gauni lake la kanisa, jambo ambalo si la busara kwa mtu anayekwenda kusema hana kitu, lakini ndivyo alivyokuwa. Alikaa mbele ya Lenah akazungumza kwanza habari za mvua. Akazungumza habari za kikundi. Lenah hakumharakisha. Mwishowe akasema, akitazama meza, kwamba sufuria zile si zake, kwamba ana mjukuu, na kwamba kuna siku mjukuu huyo analala na strungi.

Lenah alimshika mkono. Alimwamini, na alimwambia hivyo. Lakini uamuzi ulikuwa wa jamii, akaeleza, na hawezi kuufuta peke yake mezani, la sivyo watarudi kule kule kwa zamani, mwenye machozi mengi ndiye anayepata. Atamtuma mwenzake Marvin aje nyumbani kuangalia, na majirani wathibitishe. Kavetsa alisema ni haki. Alisema ana shahidi. Alirudi nyumbani mwepesi, akamwambia Daisy wataingia, na siku hiyo mtoto aliimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Haikupita wiki, Mzee Ogola akafa. Mzee Ogola ni mumewe Mildred, alikuwa mgonjwa wa kifua muda mrefu. Na unajua tayari simu ya pili ilikwenda kwa nani. Kavetsa alizishusha sufuria, akawasha moto nje, viti vikatandazwa mpaka njiani. Watu wa Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani, walikuja kwa makundi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile mlango wa Kavetsa ulinuka nyama. Alikuwa amejisahau kabisa katika kazi, mwiko mikononi, anaamrisha huyu amenye vitunguu na yule alete maji.

Katikati ya hayo yote Marvin akatokea, kijana mwembamba wa tisheti ya kijani, tableti mkononi. Alitoa pole. Alisema kwa aibu kwamba anajua si wakati mzuri, ila muda wa marekebisho unafungwa siku hiyo na yeye bado ana nyumba nyingi. Kavetsa akamvuta kando kidogo, lakini kando ya wapi, na watu wamejaa kila mahali? Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hivi vyote anavyoviona ni vya kikundi.

Marvin aliviangalia: viti, sahani, zile sufuria zinatoa mvuke, nyama. Akauliza kwa adabu ni jirani gani anayeweza kuthibitisha. Shahidi alikuwa Mildred, na Mildred alikuwa ndani kwake, amekaa kwenye godoro sakafuni kama mjane, wanawake wamemzunguka wakiimba. Huwezi kumwinua mjane juu ya godoro la msiba aje akutolee ushahidi wa unga. Kavetsa hakulifikiria hilo hata mara mbili. Basi Marvin akawageukia akina mama waliokuwa mekoni, akauliza kama ni kweli huyu mama hana uwezo.

Maggie, mmenya vitunguu, alikasirika. Hakuelewa lililokuwa nyuma ya swali hilo. Alichoona ni kijana mgeni amekuja na mashine yake kumdharau Mama Phanice mbele ya waombolezaji.

"Kijana, usituletee madharau kwa matanga," alisema. "Huyu mama ndiye anatulisha Silanga nzima. Hakosi kitu, sikia vizuri. Hakosi kitu." Wenzake wakaitikia, na mmoja akafunua sufuria ili Marvin ajionee nyama mwenyewe.

Marvin akamwangalia Kavetsa. Alikuwa tayari kusikia, hilo lazima lisemwe. Alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwake. Na Kavetsa akafungua mdomo, mbele ya wanawake wale waliomtetea kwa moyo wao wote, na neno lililotoka likawa lile alilozoea kumwambia kila anayefika kwake kwenye msiba. Alimwambia karibu, kwanza ale.

Akampakulia. Wali ukajaa sahani, na vipande vya nyama juu. Kijana alikula kwa sababu alikuwa na njaa na alishinda akitembea, akashukuru, akabonyeza tableti yake, akaenda zake.

Januari ikaja. Christine alifika siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kama alivyosema, na hakuwa na maneno mengi. Daisy aliweka nguo zake kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari, kisha akachukua kile kikombe chake, kimoja kati ya viwili, akauliza kama anaweza kwenda nacho. Kavetsa akasema aende nacho. Mtoto alimkumbatia kiunoni, akasema atakuwa anakuja kila Jumapili, na bibi akasema ndiyo, ilhali wote wawili walijua hawana nauli ya kila Jumapili. Alipoona mgongo wake unapotea kwenye kona ya kinyozi, Kavetsa alirudi ndani akasugua sufuria za matanga moja baada ya nyingine, ingawa zote zilikuwa safi. Uchungu aliokuwa nao haukuwa na pa kutokea. Phanice aliondolewa na ugonjwa, lakini huyu aliondolewa na yeye mwenyewe, kwa sahani ya wali. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na Mildred alishindwa kumtoa kwenye wazo hilo.

Mvua za masika zilikuja zikapita. Siku moja Lenah akapiga simu. Shirika lilikuwa limeingia Kawangware na Kabiro ndiyo ilikuwa ya kwanza. Majirani walikuwa wameshachagua, na sasa kulikuwa na sherehe ya kuzindua mpango, wageni wa ng'ambo wangekuwepo, watu walishwe. Alikumbuka sufuria. Je, kikundi kingekubali kupika, kwa malipo? Kikundi kilikubali kwa furaha. Kavetsa alikubali kwa sababu nyingine. Alikuwa hajamwona Daisy tangu Pasaka.

Walifika asubuhi na mapema, wakatafuta pa kuweka mafiga nyuma ya hema. Moto haukuwa umeshika sawasawa, Christine akaja upesi upesi. Alikuwa amevaa leso mpya na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye mzigo. Akachutama kando ya Kavetsa kana kwamba anasaidia kupuliza moto, na akayasema yote bila kupumzika. Wamechaguliwa. Majirani wa Kabiro walikuwa wameiweka nyumba yake mduara wa tatu, na kilichowashawishi ni yatima. Alikuwa amewaambia mtoto huyu hana mtu mwingine duniani. Daisy sasa anakwenda shule kila siku, amewekwa darasa zuri, karo imelipwa.

"Wakijua ako na shosho anajiweza Kibera, watatutoa," alisema. "Mama, nakuomba. Si kwa ajili yangu."

Kavetsa alikoroga maharagwe muda mrefu. Anajiweza. Neno hilo lilikuwa limemtangulia mpaka Kawangware. Kisha akamuuliza Christine kama mtoto anakula vizuri. Christine akasema anakula, na akalia kidogo, na Kavetsa akamwambia aende wageni wasije wakamtafuta.

Hotuba zilipoanza alikuwa anazisikia kutoka mekoni. Walizungumza wakubwa, wakatafsiriwa, wakapigiwa makofi. Halafu ikasikika sauti aliyoijua. Daisy aliwekwa mbele ya kipaza sauti akasema jina lake, akasema yuko darasa la tano. Akasema mama yake alikufa na babake hayuko. Akasema hakuwa na mtu, na shangazi yake akamchukua, na sasa shirika limewachukua wote. Alisema vizuri, bila kusita, kama shairi la shule. Akina mama wa Silanga waliacha kupakua wakatazamana. Mildred, ambaye bado alikuwa katika nguo za ujane, alishika mkono wa Kavetsa, na Kavetsa akautoa mkono wake taratibu kwa sababu wali ulikuwa unashika chini.

Wakati wa chakula watoto walipanga foleni. Kavetsa ndiye aliyekuwa anapakua nyama, hakumwachia mtu mwingine mwiko huo. Daisy alipokaribia, alikuwa mrefu kidogo, mashavu yamejaa, sare ya shule imekaa. Alimwona bibi yake, na uso wake wote ukang'aa, akaziba mdomo kama alivyozoea akicheka. Wakati huo huo Lenah alikuwa anapita kuangalia kama chakula kinatosha. Alifurahi kumwona Kavetsa. Alisimama pale pale, mkono begani mwa Daisy.

"Mama Phanice, asante kwa kazi. Na yule mjukuu wako uliyeniambia, anaendeleaje?"

"Alienda kwa watu wa babake," Kavetsa alisema. "Ako sawa."

"Nashukuru. Umeona huyu wetu? Ndiye Daisy, ameongea vizuri sana leo." Lenah akamsukuma mtoto mbele kidogo, kwa upole. "Daisy, msalimie mama aliyewapikia."

Daisy alimtazama bibi yake. Kavetsa alimtazama pia, mwiko umesimama hewani, na hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alimtazama tu, kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia watu wakati wa kuchanga. Mtoto alikuwa mwerevu. Alikuwa amefundishwa kusema "tumeshiba" akiwa na njaa, na aliyemfundisha ndiye huyu.

"Habari yako, mama," Daisy alisema, akanyoosha mkono.

Kavetsa aliufuta wake kwenye aproni, akaupokea. Ulikuwa umenenepa. Akaushika kwa muda ule ule mtu anaoshika mkono wa mtoto asiyemjua, akauachilia, akamwekea vipande viwili vya nyama badala ya kimoja, na akamwambia asogee ili wengine wapate.